Francis Chichester: Rubani Aliyekosea kwa Makusudi

Wengi wanaolijua jina la Francis Chichester wanamkumbuka kama yule mzee wa miwani aliyeizunguka dunia peke yake katika mashua ya tanga. Aliondoka Plymouth, Uingereza, mwezi wa Agosti 1966, akatua Sydney mara moja tu kupumzika na kutengeneza chombo, akarudi Plymouth mwezi wa Mei 1967 akiwa na umri wa miaka 65. Mashua ile iliitwa Gipsy Moth IV. Ni wachache wanaojiuliza kwa nini mashua ya baharini iitwe kwa jina la nondo, na kwa nini iwe ya nne. Jibu ni kwamba Gipsy Moth ya kwanza haikuwa mashua. Ilikuwa ndege ndogo ya mbao na kitambaa, yenye viti viwili vilivyo wazi kwa upepo na injini moja ya nguvu za farasi wapatao 100. Hadithi ya ndege ile ndiyo ninayotaka kuwasimulia ndugu wasomaji, kwani kwa maoni yangu kazi kubwa ya maisha ya mtu huyu ilifanyika mwaka 1931 wala si mwaka 1967.

Alizaliwa tarehe 17 Septemba, 1901, huko Shirwell katika jimbo la Devon, mtoto wa kasisi. Alipelekwa Marlborough, shule ya bweni yenye sifa kubwa na nidhamu kali, asifurahi hata kidogo, akaiacha kabla ya wakati wake kwa uamuzi wake mwenyewe. (Nalitaja jambo hili nikijua kwamba jarida letu ni la watu wanaoipenda shule yao. Si kila mtu mashuhuri angeitikia mwaliko wa mkutano wa wanafunzi wa zamani.) Macho yake yalikuwa mafupi tangu ujana. Alipofika miaka 18 alipanda meli kwenda New Zealand akiwa na pauni kumi mfukoni. Huko alichunga kondoo, akakata magogo, akafanya kazi katika mgodi wa makaa ya mawe, akatafuta dhahabu, akauza bidhaa kwa kupita nyumba hadi nyumba. Mwishowe aliingia katika biashara ya ardhi na kupanda misonobari, na kabla hajatimiza miaka 30 alikuwa mtu wa fedha.

Mwaka 1929 alirudi Uingereza, akajifunza kurusha ndege, akanunua Gipsy Moth yake, na kabla mwaka haujaisha akaanza safari ya peke yake kutoka London hadi Australia. Alivunja ndege kidogo huko Tripoli, akaitengeneza, akaendelea, na mwezi wa Januari 1930 akafika Sydney. Kabla yake ni mtu mmoja tu aliyekuwa amefanya safari ile peke yake, naye ni Bert Hinkler mwaka 1928. Hapo wengine wangetosheka. Lakini Bwana Chichester alikuwa anaishi New Zealand, na kati ya Sydney na New Zealand iko Bahari ya Tasman. Ilimbidi aipakie ndege melini kama gunia la viazi ili airudishe nyumbani. Jambo hili lilimuudhi.

Bahari ya Tasman ina upana wa zaidi ya maili 1,200, nayo ni bahari ya dhoruba. Ilikuwa imevukwa tayari: mwaka 1928 Charles Kingsford Smith na wenzake watatu waliivuka kwa ndege kubwa ya injini tatu, na Januari 1931 kijana Guy Menzies aliivuka peke yake kutoka Australia, akaishia katika kinamasi cha New Zealand huku ndege imepinduka miguu juu. Kutoka New Zealand kwenda Australia hakuna aliyekuwa amevuka peke yake. Gipsy Moth ya Chichester haikuweza kubeba petroli ya kutosha kwa mruko mmoja. Fedha nazo zilikuwa zimepungua, maana mdororo wa uchumi wa dunia ulikuwa umeikumba biashara yake. Hakuweza kununua ndege kubwa zaidi. Alichokuwa nacho ni ramani, penseli, na saa za kutosha za kufikiri.

Alipoitazama ramani aliona vidoa viwili. Cha kwanza ni Norfolk, kisiwa chenye urefu wa maili tano na upana wa maili tatu, kilichoko karibu maili 480 kutoka ncha ya kaskazini ya New Zealand. Cha pili ni Lord Howe, chembamba zaidi, kilichoko maili 560 hivi kutoka Norfolk. Kutoka hapo hadi Sydney ni kama maili 480 tena. Njia ya kupita visiwani ni ndefu kuliko ile iliyonyooka, lakini imekatwa vipande vitatu, na kila kipande kinawezekana kwa petroli ambayo ndege ile iliweza kuibeba.

Hapo matatizo mawili yakajitokeza. La kwanza ni kwamba visiwa vyote viwili havikuwa na kiwanja cha ndege. Alilitatua kwa kupata maboya makubwa mawili kutoka jeshi la anga la New Zealand na kuyafunga mahali pa magurudumu, naye akajifunza kurusha ndege ya kutua majini. Maboya ni mazito, yanapunguza mwendo, na bahari ikichafuka ndege hairuki. Lakini hakukuwa na njia nyingine.

La pili ndilo lililokuwa kubwa. Atakipataje kisiwa?

Sisi tuliokaa darasani tukichora mistari ya latitudo na longitudo ili tufaulu mtihani, hebu tuifanye hesabu hii. Ndege ile ilikwenda karibu maili 80 kwa saa. Kufika Norfolk ni saa sita. Rubani akikosea dira kwa digrii moja tu, baada ya maili 480 atakuwa amepotoka maili nane. Akikosea digrii tano, ni maili 40. Na dira ndiyo sehemu rahisi! Upepo wa ubavuni wa maili 20 kwa saa, katika saa sita, humsukuma maili 120. Rubani hujaribu kuukadiria kwa kutazama mawimbi, na akikosea makadirio yake kwa maili tano tu za saa, amekwisha kupotoka maili 30. Kisiwa cha maili tano, siku ya ukungu, kinaweza kupitwa kwa maili kumi bila kuonekana. Wakati ule hapakuwa na mnara wa redio visiwani wa kumwongoza. Mbele ya Norfolk, upande ule aliokuwa anaelekea, ni maji matupu hadi petroli iishe.

Mabaharia walikuwa wakijipatia mahali walipo kwa sekstanti, yaani chombo cha kupimia kimo cha jua juu ya upeo wa bahari. Nahodha wa meli hupima kwa utulivu, kisha hushuka chumbani kufanya hesabu mezani. Katika ndege kubwa hesabu hiyo ilikuwa kazi ya mtu maalumu. Chichester alikuwa peke yake. Sekstanti inataka mikono miwili, na ndege inataka mkono mmoja wakati wote. Upepo wa kiti kilicho wazi unataka kumnyang'anya karatasi. Saa nayo lazima iwe sahihi, kwa sababu sekunde nne za kosa ni karibu maili moja ya upotevu. Alijizoeza. Aliibeba rula maalumu ya hesabu za nyota iliyokuwa na umbo la bomba, na hesabu nyingi alizifanya kabla ya kuondoka ili akiwa angani abaki na kujumlisha na kutoa tu.

Hata hivyo kipimo cha jua kina upungufu wake, na hapa naomba msomaji avumilie kidogo. Kwa dakika yoyote kuna mahali pamoja tu duniani ambapo jua liko utosini. Kadiri unavyokuwa mbali na mahali pale, ndivyo unavyoliona jua limeshuka. Basi watu wote wanaoliona jua katika kimo kilekile, kwa dakika ileile, wamo katika duara moja inayopazunguka mahali pale. Duara hiyo ni kubwa mno, hata kipande chake cha maili mia moja ni kama mstari ulionyooka. Kwa hiyo ukipima kimo cha jua na kuitazama saa, huambiwi uko wapi. Unaambiwa uko juu ya mstari gani, basi. Usiku nyota mbili zingekupa mistari miwili, na pale inapokatana ndipo ulipo. Mchana kuna jua moja, na mstari mmoja.

Sasa nitoe mfano wa kwetu. Chukua mtu anayekata shambani usiku wa giza kwenda nyumba iliyoko kando ya barabara. Akilenga nyumba yenyewe, atatokea barabarani asione taa, na hatajua nyumba iko kushoto au kulia. Atakwenda huku, atarudi, atakwenda kule. Mwenye akili hafanyi hivyo. Hulenga makusudi kushoto ya nyumba, tena kushoto sana, zaidi ya kosa lolote analoweza kulifanya gizani. Akiikanyaga barabara tu, anajua bila shaka kwamba nyumba iko kulia. Anageuka kulia na kuifuata barabara mpaka mlangoni.

Hivyo ndivyo Chichester alivyopanga. Jua la alasiri lingekuwa upande wa mbele yake, na mstari wa jua ungeikata njia yake kama barabara inavyolikata shamba. Alikokotoa mstari unaopita juu ya Norfolk kwa saa aliyotarajia kufika. Kisha akashika majira ya kwenda pembeni ya kisiwa kwa makumi ya maili, kwa kujua, akikusudia kukikosa. Alijua kwamba hawezi kuliondoa kosa. Upepo ungemsukuma tu, na dira ingemdanganya tu. Alichoweza kufanya ni kuchagua atakosea upande gani.

Mwishoni mwa Machi 1931 aliondoka katika ncha ya kaskazini ya New Zealand. Saa zikapita, hapana kitu ila maji. Alipima jua, akaandika, akashika usukani, akapima tena. Ilipofika dakika ya kugeuka, aligeuka karibu pembe mraba, akaiacha njia aliyoifuata tangu asubuhi. Alieleza baadaye kwamba mara tu baada ya kugeuka kila hisia mwilini mwake ilimwambia kwamba ameharibu. Sioni ajabu. Mtu amekuwa akienda mbele kwa nusu siku, nyuma yake kuna nchi anayoijua, kisha anageuka kuelekea upande ambao hakuna ushahidi wowote ila tarakimu za penseli juu ya karatasi iliyolowa. Tena juu ya bahari kila kivuli cha wingu hufanana na kisiwa. Kama angeziamini hisia zake akageuka tena, leo tusingekuwa na habari za kusimulia. Hakugeuka. Alizifuata tarakimu, na Norfolk kikatokea mbele yake.

Kuondoka Norfolk kulimtesa zaidi kuliko kufika. Maboya yalivuja, ndege ikawa nzito, na mara kadhaa ilikimbia juu ya mawimbi ikakataa kuruka. Mwanzoni mwa Aprili ilikubali. Alirudia mbinu ileile, safari hii kwa maili 560 na katika hali mbaya ya hewa, akakipata Lord Howe, akatua ndani ya mwamba wa matumbawe ambako maji ni shwari. Akaifunga ndege kwenye boya, akaenda kulala kwa wenyeji.

Usiku ule upepo wa dhoruba ulivuma. Asubuhi waliikuta ndege imepinduka na kuzama.

Hapa ndipo ninapomlaumu kidogo. Mtu aliyeukadiria upepo wa bahari nzima kwa hesabu hakuweka uzito uleule katika upepo wa usiku mmoja bandarini. Mpango wake uliishia pale maboya yalipogusa maji. Lakini nani kati yetu angefanya zaidi, baada ya saa zile angani, mwili umechoka na masikio yamejaa mngurumo wa injini?

Lord Howe kilikuwa na watu wachache sana, ambao riziki yao ilikuwa kuuza mbegu za miti ya jamii ya mnazi ambayo Wazungu huipenda kwa kupamba majumba. Hapakuwa na karakana ya ndege wala fundi wa ndege. Meli ilipita mara moja moja. Watu wenye busara walitarajia kwamba Bwana Chichester angepanda meli hiyo na kuvifunga vipande vya ndege yake katika sanduku. Yeye aliitumia meli kuagiza vifaa kutoka Sydney. Injini iliyokunywa maji ya chumvi ilifunguliwa msumari kwa msumari na kusafishwa. Mabawa yalivuliwa kitambaa, mbao zilizovunjika zikaungwa, kitambaa kipya kikashonwa na kupakwa dawa ya kukikaza, na wenyeji wakashika kazi pamoja naye ingawa hawakuwa wamewahi kuijenga ndege. Yeye mwenyewe hakuwa fundi. Alijifunza kwa kufungua. Kazi ile ilichukua majuma tisa.

Mwezi wa Juni 1931 aliruka kwa mara ya tatu. Kipande hiki cha mwisho hakikuhitaji kukosea kwa makusudi, maana bara la Australia ni pana na haliwezi kukoswa. Hali ya hewa ilimsukuma kusini ya Sydney, akatua Jervis Bay, kando ya meli ya kivita Albatross, ambayo kazi yake ilikuwa hasa kubeba ndege za majini. Mabaharia walipokuwa wakiipandisha ndege kwa winchi, kidole chake kilipondwa. Alikuwa amevuka Tasman bila mkwaruzo, akaumizwa na ndoano ya msaada. Hata hivyo alikuwa mtu wa kwanza kuivuka bahari ile peke yake kutoka New Zealand kwenda Australia, na chama cha marubani na waongozaji ndege cha Uingereza kilimpa tuzo ya Johnston, akiwa wa kwanza kuipokea.

Mtu mwingine angepumzika. Yeye aliendelea kuelekea kaskazini, akitaka kuizunguka dunia. Mwezi wa Agosti mwaka uleule, alipokuwa akiondoka Katsuura, Japani, aligonga nyaya za simu zilizonyoshwa kutoka kilima hadi kilima. Ndege ilivunjika, yeye akaumia vibaya, akapona. Nyaya hazikuwamo katika hesabu.

Kwa wale watakaosema kwamba mbinu ya kulenga pembeni ni mchezo wa wanahesabu tu, nawakumbusha jambo la miaka sita baadaye. Tarehe 2 Julai, 1937, Amelia Earhart pamoja na mwongoza njia wake, Fred Noonan, ambaye alikuwa mjuzi sana wa kazi yake, walikuwa wakikitafuta kisiwa cha Howland katika Bahari ya Pasifiki, ukanda wa ardhi wenye urefu wa maili moja na nusu hivi. Meli ya Marekani iliyokuwa ikiwangoja ilisikia kwa redio kwamba wako juu ya mstari, wakiufuata kaskazini na kusini. Ni mstari wa namna ileile niliyoieleza. Hawakuonekana tena. Sitajifanya kujua kilichowapata. Ila anayeutafuta mlango pande zote mbili za barabara anahitaji petroli mara mbili.

Miaka iliyofuata naipita kwa haraka. Mwaka 1936 aliruka na rafiki yake kutoka Sydney hadi London. Mwaka 1937 alimwoa Sheila Craven, aliyekuwa nguzo yake mpaka mwisho. Ndoa yake ya ujanani ilikuwa imekwisha kuvunjika. Vita Kuu ya Pili ilipoanza alijitolea kurusha ndege, akakataliwa kwa ajili ya umri na yale macho. Basi jeshi likampa kazi ya kuandika vitabu vya kuongoza ndege na kuwafundisha marubani, hasa wale wa ndege za mtu mmoja, namna ya kupata njia bila msaidizi na bila kufungua ramani kubwa. Tujaribu kuwaza ni nani mwingine angelifundisha somo hilo kwa haki kuliko yeye. Vita vilipokwisha alinunua ramani 15,000 za ziada za jeshi, akazigandisha juu ya mbao na kuziuza kama michezo ya watoto ya kuunganisha vipande, na kutokana na hizo ikazaliwa kampuni yake ya ramani.

Mashua zilikuja baadaye, naye ziliipokea lakabu ya ile ndege: Gipsy Moth II, kisha III. Mwaka 1958 madaktari walisema ana saratani ya mapafu. Mwaka 1960 alishinda mashindano ya kwanza ya kuivuka Atlantiki mtu mmoja mmoja, kwa siku 40. Aliporudi kutoka kuizunguka dunia mwaka 1967, Malkia Elizabeth wa Pili alimpa heshima ya Sir huko Greenwich, kwa upanga uleule ambao Malkia Elizabeth wa Kwanza aliutumia kwa Francis Drake.

Alifariki Plymouth tarehe 26 Agosti, 1972, akiwa amebakiza majuma matatu tu atimize miaka 71.